Ukiumia Kazini, Usikubali Yaishe Kimyakimya

Ukikaa Mafinga kwa muda, utajikuta unaangalia mikono ya watu. Kijana anayekuuzia vocha stendi hana kidole gumba. Anayekupimia mahindi gulioni amebaki na vidole vitatu mkono wa kushoto. Hakuna anayeuliza imekuwaje, kwa sababu jibu linajulikana: mbao. Huku Mufindi, msitu wa Sao Hill na mashamba ya misindano ya watu binafsi ndiyo yanayolisha nyumba nyingi, na sehemu kubwa ya miti hiyo hupasuliwa kwa mashine ndogo tunazoziita dingdong. Ni injini ya dizeli, mkanda, meza ya chuma na msumeno wa duara unaozunguka wazi, mara nyingi bila kifuniko chochote. Opareta anasukuma gogo kwa mikono. Upande wa pili anasimama mpokeaji, anavuta ubao na kutupa mabanzi pembeni. Msumeno uko katikati yao.

Makala hii naiandika kwa ajili ya yule mpokeaji. Na kwa ajili ya mbeba zege, deiwaka, dada anayefungasha biskuti kiwandani kwa malipo ya siku, na kila mtu anayefanya kazi bila mkataba mkononi halafu akaambiwa kwamba kwa kuwa hana karatasi, hana haki. Si kweli. Kwa niliyoyaona, haki ya aliyeumia kazini haipotei kwa kukosa sheria, na wala mara nyingi haifiki hata mahakamani ikapotelea huko. Inapotea wiki ya kwanza, kwa upole kabisa, watu wazima wakiwa wamekaa sebuleni wanakunywa chai na mmoja wao anasema: jamani, tumalizane.

Mimi kazi yangu ni mishahara. Kila mwezi fomu za michango ya wafanyakazi zinapita mezani kwangu, kwa hiyo vifungu ninavyovitaja humu ninavishika kwa mikono yangu. Lakini kilichonifanya niandike ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo.

Alikuwa mpokeaji kwenye dingdong moja. Banzi lilikwama, akalivuta, msumeno ukaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia. Tajiri wa mashine hakukimbia, nalisema hilo kwa haki. Gari lake ndilo lililompeleka hospitali, na fedha za kwanza za matibabu zilitoka mfukoni kwake. Ila pale mapokezi, muuguzi alipouliza mgonjwa ameumiaje, mdogo wangu alikuwa anatetemeka, mkono umefungwa kwa shati, maneno hayatoki. Msimamizi wa mashine akajibu kwa niaba yake: "Kajikata nyumbani, alikuwa anachanja kuni." Muuguzi akaandika. Faili likaenda kwa daktari, daktari akanakili yaleyale. Nani angebishana wakati damu inatoka?

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyotusumbua kuliko jeraha lenyewe.

Jumapili iliyofuata tajiri alikuja nyumbani na msimamizi wake. Kamwene, kamwene, watu wakakaa. Walileta sukari, sabuni na bahasha ya laki mbili. Walileta pia karatasi iliyokwisha kuchapwa, imeandikwa kwamba mtajwa hapo chini amepokea msaada huo na hana madai mengine yoyote, sasa wala baadaye. Na kwa kuwa walijua mkono wa kulia hauwezi kushika kalamu, walikuja na pedi ya wino kwa ajili ya dole gumba la kushoto.

Mjomba alikuwa tayari. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu: tajiri ni mtu wa hapa, vijana wengine wa ukoo wanafanya kazi kwake, mashine ikifungwa watakula nini? Mama mdogo alikuwa kimya. Niliomba jambo moja tu, kwamba karatasi ibaki mezani mpaka kijana apone homa na aisome mwenyewe. Tajiri hakupenda, lakini mbele ya wazee hakuweza kukataa. Akaiacha.

Sasa twende kwenye sheria, kwa maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea hata kabla ya kuanza.

Swali la kwanza ambalo kila mtu alituuliza ni hili: kwani alikuwa ameajiriwa? Hakuwa na mkataba wa maandishi. Alilipwa kwa idadi ya mbao, zikiandikwa kwenye daftari la msimamizi. Msimu wa mvua kazi ilipungua, kiangazi ilijaa. Watu wengi, wakiwemo waliosoma, hutamka haraka kwamba huyo ni kibarua tu. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, ina kifungu cha 61 ambacho natamani kingebandikwa kila stendi na kila lango la kiwanda. Kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, endapo mojawapo tu ya mambo kadhaa lipo: namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo ya huyo mwingine, saa zake zinapangwa na huyo mwingine, yeye ni sehemu ya shughuli hiyo, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au hamfanyii kazi mtu mwingine yeyote.

Mojawapo tu. Mdogo wangu alikuwa nayo karibu yote. Aliambiwa afike saa ngapi, asimame wapi, avute nini. Mashine si yake, dizeli si yake, hata glavu zilizochakaa alizovaa si zake. Malipo kwa idadi ya mbao hayakumgeuza kuwa mfanyabiashara.

Na kuhusu mkataba usioandikwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka huohuo wa 2004, imemtwika mwajiri mzigo. Kifungu cha 15 kinamtaka ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa, ujira na namna unavyokokotolewa. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, ni juu yake yeye kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Kwa lugha ya mtaani: ukisema ulikuwa unalipwa elfu kumi kwa siku na tajiri hana karatasi, yeye ndiye atakayehangaika kuonyesha kwamba haikuwa hivyo. Watu wanadhani kutokuwa na mkataba kunamlinda mwajiri. Sheria imeelekea upande wa pili.

Baada ya hapo ndipo unakuja Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Umeanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ukaanza kazi Julai 2015. Kabla yake tulikuwa na sheria ya enzi za mkoloni, na viwango vyake vilikuwa vimeachwa nyuma na thamani ya shilingi kiasi kwamba aliyepoteza mkono angeweza kulipwa fedha isiyonunua hata baiskeli. Mfuko ulibadilisha msingi wenyewe. Aliyeumia hadaiwi kuthibitisha kwamba tajiri alizembea. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba ajali imetokana na kazi na imemkuta akiwa kazini. Maneno kama "aliingiza mkono mwenyewe" au "hakuwa makini" ndiyo yanayosemwa kila ajali inapotokea, na kwa sehemu kubwa hayana nguvu hapa. Utovu mkubwa wa makusudi ni habari nyingine, lakini kuvuta banzi lililokwama ndiyo kazi yenyewe ya mpokeaji.

Nani analipa? Mwajiri peke yake. Mfuko ulipoanza, sekta binafsi ilichangia asilimia 1 ya mishahara na sekta ya umma asilimia 0.5, kiwango cha binafsi kikashushwa, kikashushwa tena, sasa wote wako kwenye asilimia 0.5. Mfanyakazi hakatwi hata senti, na mwajiri anayemkata anavunja sheria. Nataka msomaji afanye hesabu hii pamoja nami. Kijana anayepata wastani wa shilingi 300,000 kwa mwezi, mchango wake ni shilingi 1,500. Kwa shilingi hizo 1,500, akiumia, Mfuko unabeba matibabu. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya kipato chake kwa mwezi, yaani 210,000 kwa mfano wetu, na malipo hayo yanaweza kwenda hadi miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu, daktari anapima kiwango chake kwa asilimia. Ukiwa hauzidi 30 analipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo analipwa pensheni kila mwezi. Kuna fedha za anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, kuna huduma za utengamao ili mtu arudi kwenye maisha ya kazi, kuna msaada wa mazishi, na kwa aliyefariki kuna pensheni kwa mjane au mgane na watoto.

Ndiyo maana ile bahasha ya laki mbili iliniumiza. Tajiri yule aliamini anatoa sana, na kwa mfuko wake kweli alitoa sana. Lakini alikuwa anatoa fedha zake kununua ukimya, wakati shilingi 1,500 kwa mwezi zingemwondolea mzigo wote yeye na kijana wake. Wamiliki wengi wa mashine ndogo hawajisajili kwa kuogopa kwamba wakijulikana WCF, watajulikana na kodi, na OSHA wanaosimamia usalama kazini, na halmashauri. Naielewa hofu hiyo. Siikubali. Kujisajili ni wajibu wa kisheria, na kutojisajili ni kosa la mwajiri. Aliyekatwa vidole hana kosa hapo.

Na ile karatasi ya "sina madai mengine"? Nilimweleza mjomba hivi: mafao ya Mfuko hayadaiwi kwa tajiri, yanadaiwa kwa Mfuko. Tajiri hawezi kusamehewa kitu ambacho si yeye anayekilipa. Mjomba akanyamaza, akaiangalia karatasi tena, akasema, "Sasa hii ni ya nini?" Hakuna aliyemjibu.

Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha, na hapo zile kuni za msimamizi zikatukwamisha njiani.

Ajali inatakiwa itolewe taarifa. Mfanyakazi, au ndugu yake kama yeye hawezi, anamwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri naye anatakiwa aufikishie Mfuko taarifa ndani ya siku 7. Tajiri hakufanya hivyo. Kwa hiyo tuliandika barua ya kumwarifu, nakala mbili, tukamwomba agonge muhuri au asaini nakala yetu. Alikataa kusaini. Tukampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, akashuhudia ikikabidhiwa, akaandika jina lake na tarehe nyuma ya nakala yetu. Halafu tukaenda kwa Afisa Kazi Iringa na baadaye kwa Mfuko wenyewe. Afisa wa kwanza aliyelisoma faili aliuliza mara moja: hapa hospitali pameandikwa kuni, nyinyi mnasema msumeno?

Jibu lilitokana na vitu vidogo. Mdogo wangu anatumia mkono wa kulia. Anayechanja kuni anashika shoka kwa mkono wa kulia na kuushika ukuni kwa wa kushoto. Inakuwaje ajikate vidole vya mkono ulioshika shoka? Alipokwenda kufunguliwa bandeji, alimweleza daktari mwingine ukweli, naye akakiangalia kidonda, akaandika kwenye faili kwamba kimechanika namna ya msumeno wa mashine na kwamba mgonjwa anasema aliumia kazini. Maneno ya kwanza hayakufutwa, faili la hospitali halifutwi. Lakini sasa palikuwa na ya pili. Kisha simu: msimamizi alikuwa amemtumia tajiri ujumbe asubuhi ileile, na akautuma pia kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa mashine, "jamaa kakatwa, leteni gari." Saa iko pale. Muamala wa fedha za matibabu kutoka kwa tajiri uko pale, una tarehe. Na daftari la mbao lina jina la mdogo wangu kila siku hadi siku ya ajali, halafu limekatika. Opareta, mwenye watoto watano na kila sababu ya kuogopa, alikubali kuandika maelezo na kusaini. Yule bwana nitamheshimu maisha yangu yote.

Mfuko ulilikubali dai. Akapimwa, akalipwa kwa mkupuo kwa ajili ya ulemavu wake na fidia ya miezi aliyokuwa nyumbani. Hakutajirika. Amenunua cherehani mbili, mkewe anashona, na yeye anajifunza kukata vitambaa kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo ukiniuliza nini cha kufanya siku ya ajali, nitakuambia kitu kimoja kabla ya vingine vyote: kama una fahamu, wewe au ndugu yako ndiye ajibu swali la muuguzi. Sema umeumia kazini, sema mahali, sema mashine gani. Omba usomewe kilichoandikwa. Vingine vinaweza kusubiri hata jioni: picha ya mahali palipotokea kabla hapajasafishwa, majina na namba za waliokuwepo, risiti zote ndani ya bahasha moja. Kama kuna PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwa mfano ajali ikiwa ya gari, tunza nakala.

Baada ya jeraha huja kazi. Tajiri alipoona barua zimeanza, alimtumia mdogo wangu ujumbe kwamba asirudi tena, mpokeaji mwingine ameshapatikana. Watu wakasema ndivyo ilivyo, mtu asiye na vidole atapokea mbao vipi? Lakini sheria yetu ya ajira haimruhusu mwajiri kuachisha mtu bila sababu ya haki na utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka, kabla ya kumwachisha mtu kwa kukosa uwezo kutokana na ugonjwa au jeraha, aangalie kiwango cha tatizo, muda litakaodumu, na kama kuna kazi nyingine anayoweza kupewa. Na kama jeraha lilipatikana kazini, juhudi zake za kumtafutia nafasi zinatakiwa ziwe kubwa zaidi. Mtu aliyepoteza vidole viwili anaweza kuhesabu mbao, kutunza daftari, kupokea wateja. Ambaye angempa nafasi hiyo angeliona hilo.

Hapo kuna mlango ambao haukai wazi muda mrefu. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine ya kikazi, kama malimbikizo ya mishahara, yana siku 60. Unajaza fomu namba 1 ya CMA, unampatia mwajiri nakala, unaipeleka Tume na uthibitisho kwamba ameipokea. Hakuna ada. Kwanza mnakaa na msuluhishi, ikishindikana mwamuzi anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake. Kinga hii dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita, na ndiyo sababu nyingine ya kutunza ushahidi wa tarehe uliyoanza, hata kama ni ujumbe wa simu unaosema "njoo kesho saa moja."

Siku 30. Hebu fikiria mtu mwenye bandeji, anayeambiwa na kila mgeni "subiri upone kwanza." Tajiri naye anamwambia subiri mwisho wa mwezi tutaongea. Mwezi unaisha. Ukichelewa unaweza kuomba Tume ikuongezee muda, na sababu ya kulazwa ni sababu ya kweli, lakini sasa unaanza kwa kujieleza badala ya kudai. Naichukia kauli hiyo ya "subiri upone" kuliko kauli nyingine yoyote katika habari hizi, ingawa wanaoitamka huwa wanampenda mgonjwa.

Yapo majeraha ambayo mhusika wake si mwajiri. Vijana wa huku hupanda juu ya magogo kwenye lori, lori linapinduka kwenye kona za barabarani. Dereva ni wa mtu mwingine, gari ni la mtu mwingine. Kama safari ilikuwa ya kazi, njia ya Mfuko ipo, lakini pia kuna madai ya uzembe dhidi ya aliyesababisha, chini ya sheria ya kawaida ya madhara. Huko mambo ni tofauti: ni lazima uonyeshe kwamba alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari kwako, kwamba hakuchukua, na kwamba kutochukua huko ndiko kulikokuumiza. Muda wa kufungua kesi ya namna hii ni miaka mitatu. Gari lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, kwa hiyo piga picha namba ya usajili, na upate taarifa ya polisi ya ajali. Mahakama inagawa fidia sehemu mbili. Gharama ulizokwisha kutoa, dawa, nauli, mshahara uliokosa, unatakiwa uzitaje moja moja na kuzithibitisha, na Mahakama ya Rufani imelishikilia hilo kwa ukali miaka yote: bila risiti huna kitu. Maumivu na maisha yaliyopungua hakimu anayapima kwa busara yake. Mama anayetupa risiti za duka la dawa kwa kuwa zimelowa anatupa fedha za mwanawe.

Wasomaji wa Kenya huwa wananiuliza kama mambo ni yaleyale. Hapana. Kule kuna sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, ambapo mwajiri anakata bima kwenye kampuni na dai linapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini badala ya kuanzia mahakamani. Wanasheria waliipinga miaka mingi, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria hiyo iko sawa na katiba. Ulemavu kamili wa kudumu unalipwa mapato ya miezi 96. Zanzibar nayo ina sheria zake za ajira na fidia. Niliyoyaeleza humu ni ya Tanzania Bara.

Narudi kwa wenye mashine, kwa sababu wengi wao wanasoma pia, na wengi ni watu wema. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, unafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyo inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Lakini glavu hazizuii msumeno; wakati mwingine ndizo zinazonaswa na kuvuta mkono ndani. Kinachozuia ni kifuniko cha chuma juu ya msumeno, kisu cha kutenganisha ubao nyuma yake, kifuniko cha mkanda, na fimbo ya kusukumia mabanzi. Mafundi wa kuchomelea pale Mafinga wanaweza kutengeneza vyote hivyo. Nimeona mashine iliyofungwa kifuniko, na nilimuuliza mwenyewe kama uzalishaji umeshuka. Alisema mbao ni zilezile, ila vijana hawamkimbii tena kiangazi kikifika.

Kama uliumia miezi michache iliyopita na mkasema yaishe, bado hujachelewa: sheria ya fidia inatoa miezi 12 tangu siku ya ajali kwa taarifa kufika kwa mwajiri au kwa Mfuko. Kama uliachishwa kazi, hesabu siku zako leo. Nenda ofisi ya WCF ya kanda au mkoa wako, au kwa Afisa Kazi, na kama huna nauli anza kwa msaidizi wa kisheria wa wilaya yako. Hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hawatakiwi kukutoza. Beba kitambulisho cha NIDA, kadi ya hospitali, risiti na simu yenye zile jumbe. Kama mlisaini karatasi, ibebe nayo.